Mafuriko ya Idsowe na deni la Katiba

KILA Mto Tana unapofurika, majina ya vijiji vya Garsen husikika katika taarifa za habari kwa siku chache, kisha husahauliwa hadi msimu mwingine wa mvua. Idsowe ni mojawapo ya majina hayo. Wakazi wa kijiji hicho kilicho karibu na mji wa Garsen, katika kaunti ya Tana River, wamezoea kufunga virago maji yanapopanda, kukimbilia ardhi iliyoinuka na kusubiri huko malori ya mahindi na maharagwe.

Baadaye maji hupungua, mahema hukunjwa na watu hurejea. Wanalolikuta ni tope juu ya mpunga, migomba iliyolala, vyoo vilivyobomoka na visima visivyoweza tena kuaminiwa. Familia iliyokuwa na akiba ndogo huanza upya bila akiba. Ile ambayo haikuwa nayo huanza na deni. Ndivyo ilivyokuwa katika bonde la Tana ya chini baada ya El Nino ya 1997 na 1998, ikawa hivyo tena mwaka wa 2018, halafu Novemba 2023, na miezi michache tu baadaye, Aprili na Mei 2024. Wazee hukumbuka pia gharika ya 1961, ambayo hadi leo hutumiwa kama kipimo cha nyingine zote.

Ni rahisi kusema kwamba umaskini wa mahali kama Idsowe huletwa na mto. Serikali zimesema hivyo kwa miongo mingi, na mashirika ya misaada yamelazimika kutenda kana kwamba ni kweli. Lakini mto huo huo ndio ulioleta udongo wenye rutuba uliowafanya Wapokomo kulima mpunga, ndizi na maembe kwenye kingo zake kwa karne kadhaa, na ndio unaowaita Waorma na Wawardei na mifugo yao nyakati za kiangazi. Ni watu wachache katika nchi hii walio karibu na maji na ardhi nzuri kiasi hicho. Hata hivyo, kulingana na utafiti wa serikali wa mwaka wa 2015 na 2016 kuhusu bajeti za familia, asilimia 62.2 ya wakazi wa Tana River walikuwa wakiishi chini ya kiwango cha umaskini, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 36.1.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa mvua pekee. Inaelezwa vizuri zaidi tukiuliza swali jingine: mkazi wa Idsowe anapopoteza shamba lake, anaweza kumdai nani, kwa sheria ipi, na ni nani anayelazimika kumjibu? Hapo ndipo suala la haki za binadamu, ambalo wengi huliona kuwa la wanasheria na warsha za hotelini, linapogeuka kuwa suala la sufuria na chakula.

Tuanze na mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu zaidi nchini. Katika mkondo wake wa juu kuna mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Kindaruma, lililokamilika mwaka wa 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga la mwaka wa 1981 na Kiambere la mwaka wa 1988. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa jijini Nairobi nayo hutoka kwenye vijito vya bonde hilo hilo, kupitia bwawa la Ndakaini. Kwa hivyo taa za mijini, viwanda na mifereji ya mji mkuu hutegemea mto ambao mwisho wake ni vijiji ambavyo vingi havikuwahi kuunganishwa na umeme huo.

Mabwawa hayaleti mvua, na ni haki kusema kwamba huzuia sehemu ya maji ambayo yangeshuka kwa ghafla. Lakini yamebadilisha tabia ya mto. Mkulima wa mpunga wa Tana hakuwa adui wa mafuriko. Aliyahitaji yale ya wastani yaliyopanda polepole, yakalowesha mashamba na kuacha rutuba. Mafuriko ya aina hiyo ndiyo mabwawa huyapunguza. Yale makubwa hayazuiliki, kwa kuwa bwawa likishajaa hulazimika kumwaga. Kwa maneno mengine, mwananchi wa mkondo wa chini amepunguziwa maji yaliyomlisha na kuachiwa yanayomfukuza. Manufaa yamekwenda juu, gharama imeshuka chini, na hakuna daftari lolote la taifa ambamo hesabu hiyo imeandikwa.

Kampuni ya KenGen hutoa ilani Masinga na mabwawa yanayofuata yanapokaribia kujaa. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na habari ya kwamba maji yanakuja ina thamani tu ikimfikia mtu angali na muda wa kuvuna kilichokomaa, kuhamisha mbuzi na kumbeba mgonjwa. Ilani iliyosomwa kwa Kiingereza studioni Nairobi na kusambazwa kwa simu mahali ambapo mtandao hukatika haijatimiza kifungu hicho, hata kama faili ofisini inaonyesha kuwa imetolewa.

Baada ya ilani huja msaada, na hapa pana tofauti ambayo mara nyingi hupuuzwa. Anayepewa msaada hana la kuuliza. Hawezi kuuliza kwa nini gunia ni moja kwa familia ya watu tisa, kwa nini kijiji jirani kilipewa wiki moja mapema, wala kwa nini mwanasiasa amesimama juu ya lori akiwa na kipaza sauti. Akiuliza ataambiwa hana shukrani. Mwenye haki, kwa upande wake, anaweza kuuliza hayo yote. Anatarajia orodha iliyobandikwa hadharani, tarehe inayojulikana, ofisi ya kupokea malalamiko na, mambo yakishindikana, mahakama.

Katiba iliweka suala hili upande wa haki. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kuwa huru kutokana na njaa, kupata maji safi ya kutosha, huduma za afya, makao, elimu na hifadhi ya jamii. Kenya ilikuwa tayari imejifunga kimataifa tangu mwaka wa 1972 ilipojiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka wa 1966. Wapo wanaosema kwamba ahadi hizo ni ndoto za nchi tajiri na kwamba haki haziliwi. Waandishi wa Katiba waliliona pingamizi hilo. Kifungu cha 20 kinaeleza kuwa serikali ikidai haina fedha za kutekeleza haki hizo, ni jukumu lake kuthibitisha kwamba hazipo, na katika kugawa kilichopo inapaswa kuwafikiria kwanza walio katika hali dhaifu zaidi. Si mwananchi anayepaswa kuthibitisha kuwa hazina ina pesa.

Hata hivyo, kwa Tana River hoja ya ukosefu wa fedha ina udhaifu mkubwa zaidi: fedha zililetwa. Huko Hola, mradi wa umwagiliaji uliochimbwa kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950 ulikauka mwaka wa 1989 mto ulipobadilisha njia. Bura ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kulima pamba, na wengi wa waliogawiwa mashamba walitolewa sehemu nyingine za nchi. Muongo mmoja baadaye pampu zilikuwa zikikwama na pamba ikinyauka. Jirani kabisa na Idsowe, huko Gamba, Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi, TARDA, ilijenga mradi wa mpunga kwa ufadhili wa Japani, na El Nino ikazibomoa kingo zake.

Kila mradi ulikuwa na sababu zake za kiufundi za kushindwa, na wahandisi wanaweza kubishana juu yake. Linalofanana katika yote ni kwamba wenyeji waliusikia mpango ukiwa umekwisha kuamuliwa. Ardhi waliyoitumia ilihesabiwa kuwa tupu kwa sababu haikuwa na karatasi. Wale waliojua mto unapanda hadi wapi hawakuulizwa, au waliulizwa baada ya mifereji kuchimbwa. Mabilioni yalimwagwa juu ya watu wasio na haki ya kusema hapana, na ni vigumu kuonyesha ni wangapi walioacha kuwa maskini kwa sababu yake.

Mwaka wa 2008 historia ilitaka kujirudia. TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias walipanga kupanda miwa kwenye eneo la takriban hekta 20,000 katika delta. Wafugaji walihofia malisho ya kiangazi, wakulima wakahofia mashamba, wahifadhi wa mazingira wakahofia ndege na viumbe wa maeneo oevu. Mambo yakafika mahakamani Malindi. Sambamba na hayo, kampuni nyingine za kigeni zilikuwa zikitafuta ardhi ya kupanda mimea ya kutengenezea mafuta. Si vibaya kukumbusha kwamba Mumias yenyewe, iliyokuwa imekuja na ahadi za utajiri, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019. Sijui mkulima ambaye angekuwa amevunja shamba lake la mpunga ili apande miwa angeuza wapi.

Kesi iliyobaki kuwa muhimu zaidi ni ile iliyofunguliwa mwaka wa 2010 na wakazi wanne wa delta dhidi ya Mkuu wa Sheria, TARDA na taasisi nyingine za serikali. Mnamo Februari 4, 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta ya Tana itayarishwe kwa kuwashirikisha kikamilifu wanaoishi humo. Uamuzi huo haukumpa mtu yeyote gunia la mchele. Uliwapa wenyeji kiti mezani. Mpango wa matumizi ya ardhi uliotokea katika miaka iliyofuata ulikaa na wakulima, wafugaji na wavuvi vijiji kwa vijiji, ukachora sehemu za kulima, za kulisha na za kuhifadhi. Una kasoro, na utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kobe, lakini ni miongoni mwa mara chache ambapo ramani ya delta ilianza kwa kuuliza nani yuko hapo.

Tarehe ya hukumu hiyo ina uzito wake. Ilisomwa wiki chache tu baada ya damu kukoma kumwagika. Agosti 22, 2012, watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa huko Riketa. Septemba ikaleta mauaji ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa zamu ya Kipao. Kufikia mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa, maelfu wamehama, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka ilikuwa imeundwa. Siasa za uchaguzi zilichangia, kadhalika silaha haramu. Lakini ugomvi wa msingi ulikuwa ule ule uliosababisha mapigano ya mwaka wa 2001: nani ana haki ya kufika mtoni.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana linawasuta hata wale wanaotetea haki kwa nia njema. Mwanzoni mwa muongo huo serikali ilianza kupima ardhi ya kando ya mto ili kuwagawia wakulima hatimiliki za mtu binafsi. Kwa Mpokomo, hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Kwa Morma, ilikuwa ua lililokuwa likijengwa kati ya ng'ombe na maji. Kati ya jamii hizo kulikuwa na utaratibu wa kale wa malka, yaani njia zinazoachwa kati ya mashamba ili mifugo ishuke kunywa, na mabaraza ya wazee, Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma, yaliketi pamoja njia hizo zilipozibwa au mazao yalipoliwa. Hatimiliki haina mstari wa kuandikia malka. Haki ya mmoja ikiandikwa na ya mwenzake ikaachwa midomoni, iliyoandikwa huimeza nyingine, na anayemezwa hutafuta mkuki.

Ndiyo sababu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 ina umuhimu mkubwa kwa Idsowe na majirani zake kuliko miradi mingi iliyozinduliwa kwa shangwe. Sheria hiyo inaruhusu jamii kusajiliwa kuwa mmiliki wa ardhi yake, na inatambua matumizi ya pamoja kama vile malisho. Tatizo liko katika kipindi cha kungojea. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na hata fidia inayolipwa ardhi hiyo inapotwaliwa huwekwa na kaunti hadi usajili ukamilike. Kwa nchi yenye mipango ya barabara, mabomba na mabwawa mapya kwenye Tana, jamii inayochelewa kusajiliwa inaweza kuiona ardhi ikiondoka leo na fidia ikibaki katika akaunti ambayo haina uwezo wa kuigusa.

Suala hilo linarudi moja kwa moja kwenye mafuriko. Baada ya kila gharika husikika pendekezo la kuhamisha vijiji kwenye ardhi ya juu. Linasikika kama busara, na huenda ni busara. Lakini ardhi hiyo ya juu si tupu. Ni malisho ya mtu. Anayehamishiwa huko bila hati anakuwa mgeni kwa jirani yake na maskwota mbele ya sheria, huku shamba lake la kando ya mto, ambalo bado ndilo linalomlisha, likibaki bila mlinzi na likitamaniwa na mwekezaji. Kuhama kunakomfaa ni kule kunakoanza kwa makubaliano ya jamii zote mbili, hati ya makao mapya na hakikisho la shamba la zamani. Mpangilio wa namna hiyo ni ghali na wa polepole, lakini kuyajenga upya makao yale yale kila baada ya miaka michache nako kuna bei yake.

Katika hati hizo pia lazima jina la mwanamke lionekane. Katika mashamba ya mpunga, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wanawake, lakini orodha za wamiliki mara nyingi huandikwa kwa majina ya waume na baba. Katiba inapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Mjane anayefukuzwa na ndugu za marehemu baada ya mafuriko hupoteza kwa mkupuo mmoja nyumba iliyobebwa na maji na ardhi iliyobaki.

Haki bila fedha, hata hivyo, hubaki kwenye karatasi. Kwa ajili hiyo Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayopaswa kupata nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotangaza orodha ya kwanza ya kaunti 14, Tana River ilikuwemo. Kilichofuata kinasikitisha. Fedha zilitengwa kwa kuchelewa, kiasi kilichofika kikawa sehemu ndogo ya kilichostahili, na mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha mwongozo uliokuwa ukitumiwa kuzisimamia. Wakati huo huo, sera ya pili ya tume iliacha kuhesabu kaunti nzima na kutaja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kwa hoja ya usawa badiliko hilo lina maana, kwani hata kaunti iliyo na unafuu ina vijiji vilivyosahauliwa. Kwa hesabu ya mfuko, chungu kile kile ambacho hakikuwahi kujaa sasa kinapakuliwa kwa sahani nyingi zaidi.

Wala mahakama pekee haiwezi kuziba pengo hilo. Jamii ya Waendorois ya Ziwa Bogoria ilishinda kesi yake mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka wa 2010, na Waogiek wa Mau wakashinda katika Mahakama ya Afrika mwaka wa 2017. Jamii zote mbili zimejifunza kwamba kati ya hukumu na utekelezaji kuna jangwa refu. Delta ya Tana ina nafuu moja, nayo ni kuwa mpango wake tayari umejadiliwa na wenyeji na unaweza kutekelezwa na kaunti bila kungoja jaji mwingine.

Kinachohitaji kuangaliwa sasa ni kalenda. Hazina ya Usawazishaji iliundwa kwa miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika, yaani hadi Agosti 27, 2030. Bunge linaweza kuurefusha muda huo, mradi zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wawakilishi wote wa kaunti katika Seneti wakubali. Bila kura hiyo, Kifungu cha 204 kitakoma, na pamoja nacho njia ya pekee ambayo Katiba iliwatengea watu wa mahali kama Idsowe kudai maji, zahanati na barabara za kiwango kinachopatikana kwingineko. Wabunge na maseneta watakaochaguliwa Agosti 2027 ndio watakaokuwa vitini siku hiyo ikifika, na wataomba kura Garsen kama kawaida.